Kebo ya USB Isiposomeka: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Vifaa vya Sola

Mkazi wa Songo Mnara anayehitaji kebo ya kuunganisha kidhibiti chaji cha sola na kompyuta huenda akalazimika kuvuka kwa mashua hadi Kilwa Masoko, au kuagiza kutoka Lindi, Mtwara ama Dar es Salaam. Kebo ikikataa kufanya kazi baada ya kufika kisiwani, nauli ya kuirudisha yaweza kuzidi bei yake. Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya betri: kidhibiti kilichopangwa kwa betri ya maji kikiachwa kuchaji betri ya lithiamu, betri huweza kuharibika kabla ya wakati wake. Kwa hiyo ni vyema mtumiaji ajue jinsi ya kuikagua kebo kabla ya kuilipia, na jinsi ya kutafuta chanzo cha hitilafu kabla ya kuitupa.

Kazi ya kebo hii

Vidhibiti vingi vya chaji, inveta, mizani na vipokezi vya GPS vya vyombo vya baharini huwasiliana kwa njia ya mfululizo, yaani taarifa hupita biti moja baada ya nyingine. Kompyuta za leo, kwa sehemu kubwa, zina matundu ya USB tu. Ndani ya kebo, basi, mna chipu inayopokea mawasiliano ya upande mmoja na kuyageuza yaeleweke upande wa pili. Ili kompyuta iweze kuitumia chipu hiyo, huhitaji kiendeshi, yaani programu ndogo inayoielekeza namna ya kuwasiliana nayo.

Chipu nyingi zilizo sokoni zina majina ya kampuni nne: FTDI ya Uskoti, Prolific ya Taiwani, Silicon Labs ya Marekani na WCH ya Uchina. Kila kampuni ina namba yake ambayo kompyuta huisoma: 0403 ni FTDI, 067B ni Prolific, 10C4 ni Silicon Labs na 1A86 ni WCH. Namba hii, wala si maandishi ya kwenye boksi, ndiyo inayoonyesha kiendeshi kinachohitajika.

Tatizo la chipu bandia

Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ilitoa kiendeshi kilichobadilisha namba ya utambulisho ya chipu zilizoiga bidhaa yake. Kebo zilizokuwa zikifanya kazi jana yake zikaacha kutambulika, na walioumia ni wanunuzi wasiojua kwamba wameuziwa bandia. Baada ya malalamiko, kiendeshi hicho kiliondolewa katika masasisho ya Windows.

Viendeshi vipya vya Prolific navyo hukataa chipu za zamani ambazo kampuni iliacha kuziunga mkono, na Windows huonyesha kosa namba 10. Mtumiaji azingatie kuwa kosa hilo peke yake halithibitishi ubandia, kwa sababu hata chipu halali ya toleo la zamani hukataliwa. Kebo hiyo hiyo yaweza kufanya kazi kwenye kompyuta yenye Linux, ambayo kwa kawaida huja na viendeshi vya chipu zote nne.

Hatua za ukaguzi

1. Chomeka kebo kwenye kompyuta bila kuiunganisha na kidhibiti. Katika Windows, fungua Device Manager; katika Linux, andika amri ya lsusb. Kama hakuna kinachoongezeka katika orodha, jaribu tundu jingine. Kama kebo ya USB inachomolewa kutoka kwenye kiunganishi, ibadilishe, kwani baadhi ya kebo za simu zina waya za chaji tu. Angalia pia kutu. Hewa ya chumvi hula ncha za shaba upesi.

2. Kifaa kikionekana chenye alama ya tahadhari ya njano, soma namba yake ya utambulisho, kisha pakua kiendeshi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu. Epuka tovuti zinazokusanya viendeshi vya kila aina, kwa kuwa baadhi huambatanisha programu hatarishi. Kwa mkazi wa mahali penye mtandao hafifu, ni busara kukipakua mjini na kukihifadhi kwenye flashi.

3. Jaribu kebo peke yake. Kwa kebo ya RS-232 yenye pini tisa, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, fungua programu ya mawasiliano ya mfululizo, kisha andika herufi. Zikirudi kwenye skrini, kebo na kiendeshi ni vizima. Tatizo liko kwingine.

4. Linganisha mipangilio na kitabu cha kifaa: namba ya poti, kasi, na mpangilio wa biti. Vipokezi vingi vya GPS vya baharini hutumia kasi ya 4800. Vifaa vingine hutumia 9600 au 115200. Herufi zisizosomeka mara nyingi humaanisha kasi hailingani. Ukiambiwa poti inatumika, funga programu nyingine inayoishikilia.

Tahadhari: RS-232, RS-485 na TTL si kitu kimoja. Volti za RS-232 zaweza kuunguza kifaa cha TTL cha volti 3.3. Vilevile, tundu la kidhibiti linalofanana na la waya wa mtandao lisichomekwe kwenye kompyuta moja kwa moja.

Haki ya mnunuzi

Kabla ya kuondoka dukani, omba kebo ijaribiwe kwenye kompyuta, na udai risiti inayotaja aina ya chipu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Muuzaji akikataa kurekebisha, hifadhi kebo, kifungashio, risiti na picha ya ujumbe wa kosa, kisha wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Mwenye risiti iliyotaja chipu halisi ana ushahidi; aliyeandikiwa neno "kebo" tu atapata shida kuthibitisha alichoahidiwa.