Ncha ya Kiatu cha Kushoto

Aliyegundua ugonjwa wangu mapema kuliko wote si daktari, ni fundi viatu. "Kaka, mbona kiatu cha kushoto kinalika mbele tu?" Akanionyesha soli: ncha imesagika hadi nyuzi zinachungulia, cha kulia bado kizima. Kumbe nilikuwa naburura mguu bila kujijua.

Hapa Koni, penye maporomoko ya mto Lufira, nimekula mkate wa kazi ya umeme miaka mingi. Basi daktari alipotaja ugonjwa wa multiple sclerosis, maelezo yake hayakunipiga chenga. Kinga ya mwili inageuka kushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, kama waya unaochunwa ganda. Ubongo unaamuru kidole kiinuke. Amri inachelewa njiani, au haifiki kabisa, na unyayo unaning'inia.

Majirani walishasema ni konzo. Hawakukosea sana: konzo ni ya Kongo hii hii, daktari Trolli aliiandika mwaka 1938 huko Kwango, na inaletwa na sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa ukaiva. Ila konzo hukamata miguu yote miwili kwa ghafla, kisha haiendelei. Ugonjwa wangu ulianza mguu mmoja, ukapoa, ukarudi. Tena bukari yangu, yaani ugali, ni ya mahindi, si ya muhogo.

Adui yangu ni joto la Oktoba. Alfajiri natembea bila fimbo. Saa saba mchana, jua likiwaka, mguu ule ule umekuwa gogo. Aliyenisalimu asubuhi ananikuta nimeshikilia ukuta, anasema nimelewa, au naigiza. Mwili ukipanda joto hata nusu digrii, neva zilizochunika zinashindwa kupitisha amri. Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika mwaka 1890 kuhusu dalili za namna hii, zinazokuja na kupita. Mama watoto hanipi hotuba, ananiwekea kitambaa chenye maji shingoni, nangoja jioni.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za ugonjwa huu katika orodha yake ya dawa muhimu. Orodha ni orodha. Duka la dawa ni habari nyingine. Mimi nina fimbo, na mazoezi ya kuinua vidole nikiwa nimeketi.

Fundi viatu amenigongomea kipande cha tairi kwenye ncha ya kushoto. Siku hizi hainui hata kichwa nikipita. Akisikia tairi linakwaruza changarawe, anajua jua limefika utosini.