Kuchagua Chipu na Vidhibiti Volti vya Kigeuza Sauti: Maelezo kwa Watafiti wa Lugha za Njombe na Makambako

Makala hii yakusudia kueleza jinsi mtafiti wa lugha awezavyo kuchagua chipu na vidhibiti volti kwa ajili ya kigeuza sauti cha kujitengenezea, yaani kile kifaa kidogo kigeuzacho sauti ya kipaza kuwa tarakimu ziwezazo kuhifadhiwa na kompyuta, na kisha kuzirudisha tarakimu hizo kuwa sauti isikikayo. Huenda msomaji akauliza jambo hili la mafundi lina nafasi gani katika jarida la lugha. Jibu ni kwamba siku hizi sehemu kubwa ya ushahidi wetu wa matamshi hupita katika kifaa cha namna hiyo kabla ya kutufikia. Kifaa kibaya hakiishii kuipunguzia sauti uzuri wake. Chaweza kutia ndani ya lugha sifa isiyokuwamo.

1. Mahali na hatari yake

Mji wa Makambako umekaa penye njia panda. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yapita hapo. Na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia yatoa hapo tawi lake la kwenda Njombe na Songea. Njombe yenyewe, mwendo wa kilomita kama 60, ndiyo makao makuu ya mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Nchi hii ni ya Wabena hasa, na majirani zao ni Wahehe, Wapangwa, Wakinga na Wawanji. Katika mpango wa Guthrie lugha zao zimo katika kundi moja: Kihehe ni G62, Kibena G63, Kipangwa G64, Kikinga G65 na Kiwanji G66. Kibena kimekwisha kupata sarufi pana, nayo ni tasnifu ya Michelle Morrison iliyotolewa katika Chuo Kikuu cha Rice mwaka 2011. Lakini kazi ya kunasa sauti za wasemaji, kijiji kwa kijiji, haiwezi kusemwa kuwa imekwisha.

Sasa, Kiswahili sanifu hakina toni. Chategemea mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mtafiti aliyelelewa katika Kiswahili, akiingia katika Kihehe au Kibena ambako toni ina kazi yake, hulazimika kulisaidia sikio lake kwa chombo. Chombo hicho hupima kidatu, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde. Kidatu cha mwanamume aliye katika mazungumzo huwa, kwa kadiri, kati ya hezi 80 na 150. Cha mwanamke huzunguka hezi 200.

Hapo ndipo ilipo hatari. Umeme wa gridi yetu huja kwa volti 230 na mzunguko wa hezi 50. Ukiisha kupita katika diodi za chaja huacha nyuma yake mvumo wa hezi 100, na mvumo huo waangukia katikati kabisa ya kidatu cha mwanamume. Mtafiti atumiaye programu ya Praat, akiweka kikomo cha chini kwenye hezi 75 ili asikose sauti nzito, huwa ameuacha mvumo huo ndani ya mlango. Mzee akifika mwisho wa sentensi na kuishusha sauti mpaka karibu izimike, programu huweza kuuacha mtetemo wa koo lake na kuushika mvumo wa chaja. Mchoro utaonyesha mstari ulionyooka, nasi tutaandika kwamba toni ya mwisho ni tambarare. Hilo silo kosa la kiufundi tu. Ni kumsingizia msemaji.

2. Maneno yenyewe

Kabla ya kwenda mbele yafaa tukubaliane juu ya istilahi, maana neno baya huleta ununuzi mbaya. Kutokana na kitenzi "geuza" twapata "kigeuzi", kwa njia ile ile ituleteayo "kidhibiti" kutokana na "dhibiti". Kile kigeuzacho sauti kuwa tarakimu nitakiita kigeuzi cha kuingiza, na kile kirudishacho tarakimu kuwa sauti nitakiita kigeuzi cha kutoa. Kifaa kizima ni kigeuza sauti.

Wako wasemao "kidhibiti nguvu" kwa kile kipande cha miguu mitatu kilindacho umeme wa chipu. Jina hilo lapotosha, kwa sababu kipande hicho hakidhibiti nguvu, bali volti. Nguvu itumikayo hubadilika kwa kadiri ya kazi ya chipu. Basi "kidhibiti volti" ndilo jina la haki. Kuhusu "chipu", neno limekwisha kuota mizizi na halina haja ya kung'olewa. Ila mnunuzi alitamke kwa uangalifu: Njombe ni nchi ya viazi, na anayeuliza "chipsi" katika stendi ya Makambako ataletewa sahani. Mwishowe, natenga "mvumo", ambao ni sauti ya kidatu kimoja kama ule wa hezi 100, na "mchakarisho", ambao ni kelele isiyo na kidatu, kama majani makavu yakikanyagwa.

3. Uchaguzi wa chipu

Wauzaji husifu chipu kwa idadi ya biti zake. Kanuni ni kwamba kila biti moja huongeza nafasi ya kama desibeli 6 kati ya sauti kubwa kabisa na mchakarisho wa chini kabisa. Kwa hiyo biti 16 zatoa, kwa hesabu, desibeli 98, na biti 24 zatoa 146. Lakini hiyo ni hesabu ya karatasini, wala hakuna kigeuzi cha kuingiza tuwezacho kununua kitakachofika huko kwenye 146. Tena mazungumzo ya kawaida, yakipimwa umbali wa mita moja, huwa kama desibeli 60, na chumba kitulivu huwa kama 30. Maana yake ni kwamba lugha yenyewe, katika nyumba ya kijijini, yatupatia nafasi ya desibeli kama 30 tu juu ya kelele za nyumba. Chipu ya wastani yaizidi kwa mbali.

Basi uchaguzi wategemea kazi. Kwa mtafiti anasaye mazungumzo, chipu ya PCM2902 yatosha. Ina miguu 28, ina vigeuzi vyote viwili ndani yake, huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, hufanya kazi kwa biti 16 mpaka kilohezi 48, na upande wake wa kuingiza hufikia desibeli 89. Hesabu ya kilohezi 48 huhifadhi mawimbi mpaka karibu kilohezi 24, na kwa hiyo konsonanti kama "s" na "sh" huingia zote. Simu ya kawaida ya zamani, iliyokatia kwenye hezi 3,400, huziacha nusu.

Lakini kwa mwenye kazi ya kuokoa kanda za kaseti, hali ni nyingine. Kanda kuukuu huenda isivumilie kuchezwa mara nyingi, na Jumuiya ya Kimataifa ya Hifadhi za Sauti, IASA, inashauri kanda za namna hiyo zihifadhiwe kwa biti 24 na kilohezi 48 angalau. Hapo yafaa PCM1808, yenye miguu 14, ambayo ni kigeuzi cha kuingiza cha biti 24 kifikacho desibeli 99. Na kwa kusikilizia yafaa PCM5102A, yenye miguu 20, ambayo ni kigeuzi cha kutoa cha desibeli 112. Chipu hizi mbili hazijui USB, kwa hiyo huhitaji kompyuta ndogo ya bao moja au chipu nyingine ya kuzipatanisha na kompyuta.

Nafasi kati ya mguu na mguu katika chipu hizi ni milimita 0.65. Mtafiti asijaribu kuzilehemu mwenyewe kama mkono wake haujazoea. Fundi wa simu, ambaye kila siku hushughulika na vipande vidogo kuliko hivyo, ndiye mtu wa kumwendea.

4. Uchaguzi wa vidhibiti volti

Jambo nililokusudia hasa kulisema ni hili: chipu huchaguliwa kwa saa moja, lakini umeme wake ndio uamuao kama ushahidi utaaminika. Chipu ya desibeli 99 ikilishwa umeme mchafu haina faida juu ya ile ya 89.

Vidhibiti viko vya namna mbili. Kimoja hukatakata umeme mara nyingi sana kwa sekunde, kisha huulainisha. Hicho hakipotezi nguvu nyingi, na kwa sababu hiyo kimo katika chaja na katika vifaa vingi vya sola, lakini huacha mchakarisho wa mawimbi ya juu. Cha pili huuchuja umeme mfululizo na kuigeuza ziada kuwa joto. Kwa kigeuza sauti twataka hiki cha pili kisimame mwisho, karibu kabisa na chipu.

Kijulikanacho zaidi ni 7805, ambacho hutoa volti 5. Huuzuia mvumo wa hezi 100 mpaka ubaki chini ya sehemu moja kwa elfu, na hilo si dogo. Lakini mawimbi ya juu yaletwayo na vidhibiti vya kukata humpita. Tena ana masharti. Sharti aingiziwe volti kama 7 au zaidi ili atoe 5 zilizotulia. Kwa hiyo hawezi kulishwa kwa USB. Akilishwa kwa betri ya gari inayochajiwa na sola, ambayo hufika volti 14.4, kila sehemu ya kumi ya ampea ipitayo huacha karibu wati moja ya joto, naye huhitaji kipande cha bati cha kumpoza.

Kwa volti 3.3, mafundi wengi hutoa AMS1117, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi. Huyu huhitaji volti 1.1 mpaka 1.3 juu ya zile atoazo. USB yenye volti 5 kamili humtosha. Lakini waya mrefu au mbovu ukizishusha mpaka 4.5, yabaki 1.2 tu, naye huanza kupitisha mvumo badala ya kuuzuia. Bora ni LP5907, ambaye ziada ya sehemu ya kumi na mbili za mia ya volti humtosha hata akiwa na mzigo wake wote wa miliampea 250, na kelele yake mwenyewe haifiki mikrovolti 7. Ila asiingiziwe zaidi ya volti 5.5, maana betri ya volti 12 itamuua papo hapo. Aliye na fedha aweza kununua LT3042, mwenye kelele ya mikrovolti 0.8 na uwezo wa kupokea mpaka volti 20. Huyu huzuia hata yale mawimbi ya juu.

Kwa kifupi, mpango nipendekezao ni wa hatua mbili: kutoka betri mpaka 7805, na kutoka 7805 mpaka LP5907 mmoja kwa upande wa sauti, na wa pili kwa upande wa tarakimu, ili kelele za tarakimu zisirudi katika sauti. Chipu ya PCM1808 hutaka volti 5 upande wa sauti, basi hapo LT3042 yafaa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mwenye PCM2902 atafuata maelezo ya watengenezaji wake, ambao wameonyesha namna ya kuipa kidhibiti cha nje kwa sehemu ya sauti.

5. Kupima kabla ya kuamini

Kwa kuwa chipu za kughushi zimeenea duniani, kila kidhibiti kipimwe kwa mita kabla ya kuunganishwa na chipu. Kifaa kikiisha kukamilika, unganisha ncha mbili za mahali pa kipaza sauti kwa waya mfupi, unase kimya cha dakika moja kompyuta ikiwa kwenye chaja, kisha dakika nyingine ikiwa kwa betri yake. Tazama mchanganuo wa mawimbi. Vilele vikisimama kwenye hezi 50, 100 na 150 katika kimya cha kwanza, wala visionekane katika cha pili, basi mkosaji ni chaja. Iondolewe kila unasapo. Vikionekana katika vyote viwili, tafuta katika waya na vidhibiti vyako.

Kimya hicho kihifadhiwe pamoja na kila mkusanyo wa sauti, na tarehe yake iandikwe. Msomaji wa baadaye atakapotilia shaka toni tuliyoiandika, ataweza kupima mwenyewe kama tulimsikia Mbena au tulisikia umeme.