Mafuta ya Kujipaka na Mama Mjamzito: Twajuaje Kuwa ni Salama?

Miaka michache iliyopita mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, alinijia nyumbani na kikopo cha mafuta ya kujipaka. Mashavu yake yalikuwa yameanza kuota madoa meusi, na jirani alikuwa amemshauri ajipake mafuta hayo uso na mwili mzima, asubuhi na jioni. Alikwisha kuyatumia kwa majuma saba. "Kaka," aliniuliza, "wewe umesomea kemia hadi Ulaya. Niambie basi, haya yatamdhuru mtoto?"

Niliisoma lebo mara mbili. Iliorodhesha maji, mafuta, manukato na "dondoo za mimea", basi. Nilishindwa kumjibu. Makala haya yanaeleza jinsi jibu lilivyotafutwa, na kwa nini swali lile lililoonekana dogo ni gumu. Walimu wa kemia na biolojia watayakuta humu mengi wanayofundisha kila siku: molekuli, utando, vipimo na uthibitisho.

Ngozi si ukuta

Watu wengi hudhani kwamba kitu kinachopakwa nje hubaki nje. Sivyo. Kinga kubwa ya ngozi ni tabaka la juu kabisa, lililofanyika kwa seli zilizokufa na kushikamanishwa kwa mafuta. Katika sehemu nyingi za mwili unene wake haupiti sana sehemu moja au mbili za mia za milimita. Molekuli ndogo zinazoyeyuka katika mafuta huweza kupenya. Kwa kadiri, molekuli yenye uzito unaozidi 500 hupenya kwa shida sana. Insulini ina uzito wa 5,800 hivi. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hudungwa sindano, hapakwi marhamu. Lakini haidrokwinoni, inayotumiwa kuondoa weusi wa ngozi, ina uzito wa 110 tu.

Mahali panapopakwa pana maana pia. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipima jinsi haidrokotisoni inavyoingia mwilini kupitia sehemu mbalimbali za ngozi. Tukikiita kiasi kinachoingia kupitia mkono, chini ya kiwiko, kuwa 1, basi kupitia paji la uso kiliingia kama 6, na kupitia taya 13. Uso, ambao ndio hupakwa mara nyingi zaidi, ni mlango ulio wazi kuliko mkono. Tena ngozi iliyochubuka, au iliyofunikwa baada ya kupakwa, hupitisha zaidi.

Kondo la nyuma si chujio kamili

Kilichokwisha kuingia katika damu ya mama hukutana na kondo la nyuma. Hapo zamani iliaminiwa kwamba kondo humkinga mtoto dhidi ya karibu kila sumu. Imani hiyo ilivunjwa na dawa iliyoitwa thalidomaidi. Ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, na wajawazito waliinywa ili kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa madukani humo mwishoni mwa 1961, ilikuwa imekwisha kusababisha ulemavu mkubwa wa viungo. Idadi ya watoto walioathirika duniani inakadiriwa kuwa zaidi ya 10,000.

Msiba huo ulitufundisha mambo mawili. La kwanza ni wakati. Viungo vya mtoto huumbika hasa kati ya juma la 3 na la 8 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua bado kuwa wana mimba. Baadaye hatari hubadilika: viungo vimekwisha kuumbika, lakini ukuaji na ubongo vyaweza kudhurika. La pili ni kwamba mnyama mmoja hatoshi kuwa shahidi. Panya wa maabara hawakuonyesha ulemavu kama ule wa watoto. Sungura walikuja kuuonyesha.

Vitu vitatu vya kuhofiwa

Katika mafuta na sabuni za kung'arisha ngozi, vitu vitatu hutajwa mara nyingi kuliko vingine.

Cha kwanza ni zebaki. Chumvi za zebaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Lakini hujikusanya katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikipoteza protini katika mkojo. 32 kati yao walikuwa wametumia mafuta ya kung'arisha ngozi. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013, uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi kuwa sehemu 1 kwa milioni, yaani miligramu 1 katika kilo nzima. Mwaka 2023 nchi wanachama ziliamua hata kikomo hicho kiondolewe, na vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Hebu mwanafunzi apige hesabu: mafuta yenye zebaki asilimia 1 yanazidi kile kikomo cha awali mara ngapi? Jibu ni mara 10,000.

Cha pili ni haidrokwinoni. Ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi na yenye vipele vigumu, kama alivyoeleza Findlay na wenzake huko Afrika Kusini mwaka 1975. Huingia mwilini kwa wingi usio wa kawaida kwa dawa ya kupaka: vipimo vilivyofanywa kwa watu vimeonyesha kiasi cha theluthi moja hadi karibu nusu ya kile kilichopakwa. Haijathibitika kuwa inalemaza watoto tumboni. Lakini kwa kuwa inaingia kwa wingi hivyo, madaktari hushauri mjamzito aiache.

Cha tatu ni steroidi kali, hasa klobetasoli. Hii ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi ikiandikwa na daktari, kwa eneo dogo na kwa muda mfupi. Hufanana na kotisoli, homoni itolewayo na tezi zilizo juu ya figo. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachobatilisha sehemu kubwa ya kotisoli ya mama, lakini baadhi ya steroidi za kiwandani hukikwepa.

Kipimo hujibu swali kilichoulizwa tu

Narudi kwenye kikopo cha mdogo wangu. Nilichukua sampuli hadi maabarani, na jambo la kwanza nililopima lilikuwa zebaki, kwa kuangalia jinsi mvuke wake unavyofyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7. Sikuona zebaki. Nilifurahi, nikataka kumpigia simu nimwambie kwamba mafuta yake ni salama. Mwenzangu wa idara ya famasia aliyekuwa karibu aliniuliza swali moja: "Umepima usalama, au umepima zebaki?"

Nilitahayari, kwa maana hilo ndilo ninalowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tuliyapitisha mafuta yale katika mtambo wa kromatografia, unaotenganisha vitu vilivyochanganyika na kuvitoa kimoja kimoja kwa wakati wake. Kitu kimoja kilitoka dakika ile ile inapotoka klobetasoli halisi, na kilifyonza mwanga vile vile. Kiasi chake kilikuwa asilimia 0.05 hivi, sawa na dawa ya hospitali. Kwenye lebo hakikutajwa.

Mdogo wangu alikuwa akimaliza kikopo cha gramu 100 kila baada ya siku kumi. Hiyo ni gramu 10 kwa siku, au 70 kwa juma. Mgonjwa anayetibiwa kwa dawa hiyo hukatazwa kuzidisha gramu 50 kwa juma, tena chini ya uangalizi. Nilimpeleka kwa daktari siku ya pili yake. Sikumwambia ayaache ghafla kwa amri yangu, kwa sababu mtu aliyeizoesha ngozi yake steroidi kali kwa muda mrefu huenda tezi zake zikawa zimelegea, na namna ya kuacha yafaa iongozwe na daktari.

Alijifungua mtoto wa kike, kilo 2.4. Kipimo cha kimataifa huhesabu kila mtoto aliye chini ya kilo 2.5 kuwa mwenye uzito pungufu. Je, ni mafuta yale? Mama mkwe wake alisema ndiyo. Mimi nasema sijui, wala hakuna awezaye kujua kwa mtoto mmoja. Watoto huzaliwa wadogo kwa malaria, kwa lishe, kwa presha, au kwa maumbile tu. Ndiyo maana hulinganishwa makundi. Huko Dakar, Senegali, watafiti walichapisha mwaka 2007 habari za wajawazito 99, ambao 68 kati yao walitumia vipodozi vya kung'arisha ngozi wakati wa mimba. Walipolinganishwa watumiaji wote na wasiotumia, haikuonekana tofauti katika matokeo makuu ya mimba. Lakini wale 28 waliotumia steroidi kali walikuwa na kotisoli pungufu katika damu, kondo dogo zaidi, na watoto wenye uzito pungufu kwa wingi zaidi. Kundi hilo ni dogo, na wanasayansi hawalichukulii kama neno la mwisho. Hata hivyo linalingana na tunayoyajua kuhusu homoni hizi.

Mama afanye nini?

Kwanza, asidanganywe na neno "asili". Wanja wa mawe mara nyingi ni madini ya risasi, na risasi hupita kondo hadi kwenye ubongo wa mtoto. Piko inayochorwa mikononi kwenye arusi hupata weusi wake kutokana na rangi ya nywele ya kiwandani, iwezayo kuunguza ngozi. Hina safi ni kitu kingine.

Pili, aogope kikopo kisichotaja vitu vilivyomo, au kisichoonyesha mtengenezaji na namba ya toleo. Maneno "kalomeli" au "hydrargyri", alama Hg, au onyo la kutogusisha mafuta na dhahabu au fedha, ni dalili za zebaki.

Tatu, akumbuke kwamba dawa za chunusi zenye asili ya vitamini A ni za kuepukwa. Vidonge vya isotretinoini vimethibitika kulemaza watoto. Marhamu za jamii hiyo huingia mwilini kidogo tu, lakini hushauriwa kuachwa kwa tahadhari.

Nne, madoa ya mimba husababishwa na homoni pamoja na jua, na mara nyingi hufifia baada ya kujifungua. Mtandio, kofia pana, marhamu ya kukinga jua yenye oksidi ya zinki na mafuta ya nazi yasiyochanganywa na kitu humtosha mama wengi.

Tunapoambiwa kuwa kitu "hakijaonekana kudhuru", tuulize: kimetafutwa na nani, kwa watu wangapi, na kwa kipimo gani? Kutoonekana kwa madhara si sawa na kuthibitika kwa usalama, kama vile kukosekana kwa zebaki hakukuwa usalama wa kikopo kile.

Zoezi kwa wanafunzi: kusanyeni lebo kumi za vipodozi kutoka majumbani mwenu. Orodhesheni vitu vilivyotajwa, tafuteni uzito wa molekuli za vile mnavyoweza, kisha mwandike ni vipi vyaweza kupenya ngozi. Mwisho, andikeni ni lebo ngapi zisizosema lolote la maana. Nikimpa mdogo wangu zoezi hili leo, nadhani angeanza na swali hilo la mwisho.