Kifua Kikuu Kabla ya Dawa: Matabibu wa Zamani Walifanya Nini?

Mtu wa Chiungutwa aliyeanza kukohoa damu katika mwaka 1935 hakukosa daktari wa kumwendea. Mwaka huo Dk. Leader Stirling, kijana Mwingereza wa miaka 29, alifika Masasi kuitumikia misheni ya UMCA, akafanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Lulindi, katika wilaya hiyohiyo. Daktari wa namna yake aliweza kupasua ngiri, kuunga mfupa uliovunjika na kumwokoa mama aliyeshindwa kujifungua. Lakini mbele ya kifua kikuu mikono yake ilikuwa mitupu, sawasawa na mikono ya mabingwa wa London na Berlin. Hapakuwa bado, popote duniani, na dawa hata moja iliyoweza kuwaua bakteria wa ugonjwa huo ndani ya mwili wa binadamu.

Hata hivyo matabibu hawakukaa kimya. Kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi walikuwa wakiutibu ugonjwa huu, tena kwa bidii. Galen, tabibu Myunani wa karne ya 2, aliwaelekeza wagonjwa wake kunywa maziwa na kwenda kukaa penye hewa nzuri ya vilimani. Ibn Sina, ambaye kitabu chake cha utabibu, Al-Qanun, kilisomwa kwa karne nyingi katika nchi za Kiislamu na za Ulaya pia, alisifu maziwa pamoja na sukari iliyosindikwa kwa maua ya waridi. Yeye alitambua jambo moja kubwa kuliko sukari yake: kwamba ugonjwa huu huambukiza. Madaktari wengi wa Ulaya ya kaskazini, miaka mia nane baadaye, walikuwa bado wakishikilia kwamba mtu huurithi tu kwa wazazi wake.

Ubishi huo ulikatwa mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alipowaonyesha wenzake bakteria wenyewe chini ya hadubini. Lakini kumjua adui si kumshinda. Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa aliyoiita tuberkulini, na wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila upande. Dawa hiyo haikuponya, na wengine iliwazidishia ugonjwa. Leo kimiminika cha jamii hiyo hutumika kwa kazi nyingine kabisa: hudungwa kidogo ndani ya ngozi ili kupima kama mtu amekwisha kuambukizwa.

Tegemeo likabaki kwa hewa, chakula na mapumziko. Katikati ya karne ya 19 Hermann Brehmer alikuwa amefungua huko Görbersdorf, katika milima ya Silesia, hospitali ya namna mpya iliyoitwa sanatoria, na mfano wake ukaigwa kote Ulaya. Mgonjwa alilazwa miezi au miaka, akila vizuri, akilala barazani penye baridi, na akikatazwa hata kuinua mikono kwa nguvu. Tanganyika nayo ilipata sanatoria yake mwaka 1926, huko Kibong'oto, penye hewa baridi ya Kilimanjaro. Kutoka Chiungutwa hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa njia ya barabara. Mkulima wa mihogo na korosho hakuweza hata kuifikiria safari hiyo.

Penye sanatoria kubwa palifanyika pia jambo la ajabu zaidi, nalo lastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu halikuwa upuuzi. Bakteria wa kifua kikuu huula mwili wa pafu na kuacha mapango ndani yake. Bakteria hao huhitaji oksijeni, na ndani ya pango lenye hewa huzaliana kwa wingi usiohesabika. Pafu nalo halipumziki: hutanuka na kusinyaa usiku na mchana, na kuta za pango haziwezi kugusana zikaungana. Mtaliana Carlo Forlanini akawaza: je, pafu bovu likilazimishwa kupumzika? Mwaka 1888 alimwingizia mgonjwa hewa kwa sindano katikati ya mbavu, katika nafasi iliyopo baina ya tando mbili zinazolizunguka pafu. Hewa hiyo ikalisukuma pafu likanywea kama kibofu cha mpira kilichotoboka, na pango likafumba. Mgonjwa akabaki kupumua kwa pafu moja.

Kwa kuwa mwili huinyonya hewa hiyo polepole, sindano ilipaswa kurudiwa kila baada ya wiki chache, kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Tando ziliposhikamana na sindano ikashindwa, wapasuaji walikata mbavu kadhaa za upande mmoja ili ukuta wa kifua uangukie ndani na kulibana pafu moja kwa moja. Waliopona walitembea wakiinamia upande mmoja maisha yao yote.

Je, walipona kwa sababu ya sindano na kisu? Hapa ndipo penye fundisho gumu. Uchunguzi uliofanywa vijijini karibu na Bangalore, India, katika miaka ya 1960, uliwafuatia kwa miaka mitano wagonjwa ambao makohozi yao yalikuwa na bakteria na ambao karibu wote hawakupata tiba ya maana. Karibu nusu walikufa. Lakini kiasi cha theluthi moja walionekana hawana tena bakteria katika makohozi: mwili wenyewe ulikuwa umeushinda ugonjwa. Hebu msomaji azipime hesabu hizo. Tabibu akiwapa wagonjwa 30 sukari ya waridi, maziwa ya punda au hewa ya mlimani, watu 10 hivi watakuja kumshukuru, naye ataapa kwa moyo safi kwamba dawa yake inaponya. Wale 15 waliozikwa hawaji kutoa ushahidi. Kilichokosekana kwa miaka elfu mbili hakikuwa bidii wala akili. Kilikosekana kikundi cha pili cha kulinganishia.

Kikundi hicho kilipatikana Uingereza, katika jaribio lililotangazwa mwaka 1948. Streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ilikuwa chache mno kuwatosha wote. Kwa bahati nasibu wagonjwa 55 walipewa dawa hiyo pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipewa mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Furaha haikudumu. Ilipotimia miaka mitano, waliokufa walikuwa 32 kati ya wale 55, na 35 kati ya wale 52. Bakteria walikuwa wameizoea dawa iliyotumika peke yake. Tangu hapo madaktari wakajua kwamba dawa hizi hutumiwa mbili au tatu kwa pamoja, ili bakteria anayeikwepa moja auawe na nyingine.

Mwaka 1959 ukaja ulinganisho mwingine, safari hii huko Madras. Wagonjwa waliolazwa sanatoria wakila vizuri walilinganishwa na wenzao waliomeza dawa zilezile wakiwa majumbani mwao, katika vyumba vya kimaskini. Matokeo yalikaribiana mno. Kitanda, baraza na baridi ya mlimani vikapoteza kazi yao kwa siku moja.

Bado palikuwa na tatizo la muda. Tiba ya kawaida ilichukua mwaka mzima au mwaka na nusu, na mtu akiacha kukohoa katika mwezi wa pili humwambii kitu: shamba lamngoja. Ni katika hospitali za Afrika Mashariki, kuanzia mwaka 1970, ndipo ilipoonyeshwa kwamba miezi sita yaweza kutosha. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi tu kwa miezi sita, 29 katika kila 100 waliugua tena. Waliongezewa rifampisini, 3 tu.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikishauriwa na Dk. Karel Styblo. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Leader Stirling yuleyule wa Lulindi. Kuanzia mwaka 1982 mpango huo ulitumia tiba ya miezi minane: miwili ya kwanza mgonjwa alimeza dawa mbele ya mwuguzi, kwa kawaida akiwa amelazwa, na sita iliyobaki akiwa kwake, huku mratibu wa wilaya akiandika daftarini nani amepona, nani amekufa na nani ametoroka. Idadi ya waliopona ilikaribia wanane katika kila kumi, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliutumia utaratibu huo kuzishauri nchi nyingine. Tangu mwaka 2006 mgonjwa wa Tanzania anaweza kuchagua kumezea dawa zake zahanati, au nyumbani mbele ya ndugu aliyemteua mwenyewe.