Kichanja cha Michoro Huanzia kwenye Rangi

Anayetafuta kichanja cha kukaushia na kuhifadhia michoro kwa kawaida huanza na tepu ya fundi: ukuta una urefu gani, mlango unafungukia upande upi, na mfukoni kuna kiasi gani. Swali la kwanza liko kwingine. Kichanja huchaguliwa kwa rangi. Namna rangi inavyokauka ndiyo inayoamua nafasi ya kuachwa kati ya trei na trei, kiasi cha hewa kinachohitajika, kama mchoro ulale au usimame, na siku zinazopaswa kupita kabla haujagusana na mwenzake. Vipimo vya chumba hufuata baada ya hapo, na chumba kilichodhaniwa kuwa kidogo mara nyingi huonekana kinatosha.

Tuanze na rangi zinazochanganywa na maji: za vidonge na za unga wanazotumia wanafunzi, gwashi, na akriliki. Hizi hukauka kwa maji kuondoka. Hewa iliyo juu ya mchoro hupokea mvuke, na ikishashiba, kazi husimama mpaka hewa nyingine ije mahali pake. Hapa ndipo pwani yetu inapotofautiana na vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa London au New York. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, unyevuanga mara nyingi hupita asilimia 70, na wakati wa masika hupanda zaidi, kwa hiyo hewa inayoingia kati ya trei mbili huwa tayari imebeba maji mengi. Trei zikibanana, mchoro ulio katikati hubaki na unyevu wake wenyewe siku nzima. Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, nafasi hiyo hiyo haileti shida sehemu kubwa ya mwaka. Karatasi nayo ina mambo yake. Nyuzi zake hutanuka zikilowa na kunywea zikikauka. Uso ukipata hewa huku mgongo umelazwa juu ya ubao, pande mbili hazinywei kwa pamoja, na karatasi hujikunja. Ndiyo maana sakafu ya trei yafaa iwe ya wavu.

Rangi ya mafuta ina tabia tofauti kabisa, na kosa la wengi ni kuifikiria kama rangi ya maji inayochelewa. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hayapotelei hewani. Hubaki pale pale, huvuta oksijeni, na chembe zake hushikana mpaka zikawa utando mgumu. Katika siku za mwanzo utando huo huongezeka uzito. Tabaka jembamba huweza kuguswa baada ya siku chache, jingine baada ya wiki mbili, lakini ndani kazi huendelea kwa miezi, na desturi ya wachoraji ni kusubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kupaka vanishi ya mwisho. Rangi ya kung'aa inayouzwa kwa ajili ya milango na mageti hupita njia zote mbili: kwanza tina huondoka kwa mvuke, kisha kilichobaki huvuta oksijeni na kukaza. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora kwa rangi za namna hiyo juu ya vipande vya silingi bodi, na waliorithi mtindo wake bado wanazitumia, ingawa wengi wamehamia kwenye kitambaa. Mtindo wenyewe hujengwa kwa tabaka: usuli kwanza, kisha mwili wa mnyama, kisha madoa na mistari, na kila tabaka sharti lishike kabla ya linalofuata. Mchoro mmoja basi hupelekwa kukauka na kurudishwa mezani mara kadhaa kabla haujaisha. Kwa mchoraji wa aina hii kichanja ni sehemu ya meza ya kazi, na kukiweka stoo nyuma ya nyumba ni kujiongezea safari za bure huku mkononi una kitu kibichi.

Tukishayaona hayo, tunafika kwenye kiini cha jambo: kukausha na kuhifadhi ni kazi mbili zinazovutana. Kukausha kunataka hewa ipite, mwanga uwepo, na mchoro ulale wazi bila kuguswa. Kuhifadhi kunataka vumbi lizuiwe, mwanga upungue, na michoro ikae karibu karibu ili isichukue chumba kizima. Kichanja kinachouzwa kwa ahadi ya kufanya yote mawili hugeuka stoo baada ya muda mfupi, kwa sababu mwenye nacho haoni haraka ya kuondoa kilichokwisha kukauka, na kazi mpya hukosa pa kuwekwa. Hatari yake huonekana zaidi kwa akriliki. Rangi hii ni plastiki, na katika joto letu la nyuzi 30 hubaki laini kiasi hata baada ya kukauka. Picha mbili za akriliki zikilazwa uso kwa uso chini ya uzito hugandana, na kuzibandua ni kung'oa rangi. Kwa hiyo mchoro unaoonekana mkavu kabisa machoni bado unaweza kuwa haujawa tayari kwa rafu, na ule wa akriliki hauwi tayari kugusana na mwingine kamwe bila karatasi laini isiyonata kuwekwa katikati.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya watu wenye nafasi. Darasani hakuna pa kuweka vichanja viwili, hata kimoja. Tupige hesabu. Karatasi ya A3 ina milimita 297 kwa 420. Karatasi 50 zikitandazwa sakafuni bila kuacha hata njia ya kupita, zinakula zaidi ya mita za mraba 6. Kichanja chenye trei 50 za kiasi hicho, zikipangwa juu kwa juu katika safu mbili, hukaa ndani ya nusu mita ya mraba au chini yake. Anayedai hana nafasi ndiye hasa anayekihitaji, maana leo anailipia kwa sakafu, madawati na madirisha. Wengine watataja kamba na vibanio, nami sina ugomvi na kamba. Kwa karatasi nyepesi yenye wino usiochuruzika, kwa mfano kazi za uchapaji wa skrini, kamba ni nzuri. Hata viwandani kuna vyombo vya kuning'inizia ambavyo hushika karatasi kwa gololi za kioo, na karatasi hiyo hutoka bila alama ya meno. Lakini rangi ya maji iliyojaa ikining'inizwa hutiririka, kibanio cha nguo huacha kovu pembeni, na kitambaa kilichokwisha kukazwa kwenye fremu hakining'inizwi na chochote.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la jua. Jua ni la bure, lipo karibu mwaka mzima, na linakausha upesi. Kwa nini mtu anunue kichanja cha chuma? Kwamba linakausha upesi ni kweli, na humo ndimo lilimo tatizo. Rangi ya kung'aa iliyopakwa nene ikipigwa na jua la saa sita hutengeneza ngozi juu huku chini ingali majimaji. Ngozi ikishatanuka, na kilicho chini kikaendelea kukauka polepole, uso hujikunjakunja na hakuna msasa wa kuurudisha bila kufuta mchoro. Karatasi hujikunja kwa sababu zile zile zilizotajwa juu. Miali ya jua pia hufifisha rangi, hasa zile za bei nafuu zenye wekundu mkali na za kumeremeta, ingawa athari hiyo huchukua muda na siku moja haitaonekana. Ongeza vumbi la barabarani, ambalo hutua juu ya rangi mbichi na kubaki humo milele. Kivuli chenye upepo hushinda jua, na feni ya kawaida hushinda vyote viwili siku za mvua, mradi isielekezwe moja kwa moja kwenye trei. Ielekezwe ukutani au pembeni ya kichanja, ili hewa izunguke bila kupeperusha karatasi wala kuzirushia vumbi lililo sakafuni.

Sasa, kichanja chenyewe. Vya kununua vya aina ya viwandani huwa na trei za waya zilizofungwa nyuma kwa bawaba na springi: unaziinua zote, kisha unashusha moja moja kutoka chini kadiri unavyozijaza. Ni ubunifu mzuri kwa mchapaji anayetoa karatasi mfululizo, kwani mkono mmoja unatosha. Kwa mchoraji wa kawaida wa pwani siupendekezi. Springi na bawaba ndizo za kwanza kuliwa na kutu kwenye hewa ya chumvi, nafasi kati ya trei haibadiliki, na trei iliyolegea huangukia kazi iliyo chini yake. Afadhali fundi welda akutengenezee fremu ya bomba za mraba yenye reli za pembeni, na trei za wavu zinazochomolewa. Ukichomoa trei moja kati ya kila mbili, nafasi imekuwa maradufu; kichanja cha karatasi kimegeuka cha kitambaa kwa muda wa dakika moja. Kwa karatasi acha sentimita 4 au 5 kwa maeneo ya pwani. Kwa vitambaa vilivyo kwenye fremu pima unene wa fremu kwanza, kisha uongeze nafasi ya vidole kuingia bila kugusa uso. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na wavu uwe ule uliopakwa zinki, kwa kuwa tone moja la maji yenye kutu linatosha kuharibu karatasi iliyo chini. Kazi moja tu hukataa kichanja cha aina yoyote: picha zinazochapwa kwa bamba la shaba juu ya karatasi iliyolowanishwa. Hizo hukaushwa kati ya karatasi za kunyonya maji, chini ya ubao wenye uzito, na ukiziacha wazi kwenye wavu zitapinda.

Kuhusu kuhifadhi, gharama ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, lakini uzembe ni mkubwa. Uchunguzi wa UNESCO na ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa mali za urithi, wa mwaka 2011 ulieleza kuwa takriban asilimia 60 ya makusanyo yaliyo kwenye stoo za makumbusho duniani yalikuwa hatarini. Ikiwa taasisi zenye wataalamu ziko hivyo, karakana za mitaani zisijidanganye. Vitambaa vilivyokazwa kwenye fremu husimamishwa kwa makali yake ndani ya vyumba vyembamba vya mbao, kila chumba picha chache, mgongo kwa mgongo na uso kwa uso, na kadibodi safi katikati. Karatasi hulala, ndani ya jalada, kwenye droo zisizo na kina. Chochote kile kiinuliwe angalau sentimita 10 kutoka sakafuni kwa ajili ya maji ya mafuriko na ya deki, na kisiegemee ukuta wa nje, kwa sababu ukuta huo ndio unaotoa jasho na ndio barabara ya mchwa. Kabati lililofungwa kabisa ni silaha nzuri bara penye hewa kavu. Pwani hufuga ukungu, kwa hiyo milango yake itobolewe na kuwekwa wavu. Tena picha ya mafuta ya kitani ikifungiwa gizani hugeuka rangi ya manjano, jambo ambalo kwa kiasi fulani hurekebishika ikirudishwa kwenye mwanga. Anayelazimika kukunja kitambaa kwa ajili ya mteja wa kusafiri akizungushe kwenye bomba nene, rangi ikiwa upande wa nje, maana rangi huvumilia mvuto mdogo vizuri zaidi kuliko inavyovumilia kubanwa.

Huenda msomaji akauliza, fedha ikitosha kitu kimoja tu, kiwe kipi? Kiwe cha kukaushia. Rafu ya kuhifadhia inaweza kuanza na makasha ya kadibodi na vipande vya mbao vilivyobaki kwa seremala, na mchoro uliokauka sawasawa utavumilia. Mchoro uliohifadhiwa ukiwa mbichi hauna dawa, hata ukiuwekea kabati la bei gani. Kipimo cha utayari ni rahisi: bonyeza kucha taratibu pembeni ambako fremu itafunika, na kama ni rangi ya kung'aa, ifunike kwa mfuko kwa saa moja kisha unuse; kama harufu ya tina ingalipo, subiri. Na tukiwa kwenye usalama, matambara yaliyofutia mafuta ya kitani yasirundikwe chini ya kichanja hata siku moja. Mafuta hayo hutoa joto yanapovuta oksijeni, na rundo la matambara linaweza kuwaka moto lenyewe bila kiberiti.

Kwa hiyo utakapokwenda kwa fundi, usimpelekee urefu wa ukuta peke yake. Mpelekee kipimo cha kazi yako kubwa kuliko zote, ongeza sentimita 5 kila upande, mwambie unatumia rangi gani na kila siku unatoa kazi ngapi, kisha zidisha idadi hiyo kwa siku ambazo rangi yako inachukua kukauka. Jibu utakalopata ndilo idadi ya trei za kuagiza.