Spana ya dukani, tindo ya mhunzi: Ipi inakulipa?

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa kulima haumsubiri mtu. Mvua zikishaanza, trekta au pawatila ikigoma shambani, mara nyingi kinachotakiwa ni spana moja na dakika kumi za kazi. Tatizo huanza pale spana yenyewe inapopanuka mdomo. Nati inalika kona zote, fundi wa kuchomelea anatafutwa mjini, na siku mbili za kulima zinapotea.

Hasara hiyo ndiyo inayofanya swali la vifaa vya ufundi liwe swali la biashara. Je, ununue vya kutoka nje au vinavyotengenezwa na mafundi wetu?

Wengi wana majibu ya haraka. Wapo wanaoamini kila cha nje ni bora, na wapo wanaosema chochote cha China ni feki. Wote wanakosea. China hiyo hiyo hutengeneza spana nzuri na mbovu, kutegemea mwagizaji amelipia nini. Jibu sahihi linategemea kazi ya kifaa chenyewe.

Spana: Nunua ya kiwandani

Spana nzuri hutengenezwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa na kromu na vanadi. Hugongwa kikiwa cha moto ndani ya kalibu, kisha huchomwa na kupozwa kwa vipimo ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Mdomo wake lazima uwe na kipimo sahihi kwa sehemu ndogo sana ya milimita.

Kazi hiyo inahitaji mitambo mikubwa. Spana iliyokatwa kwa gesi kutoka kwenye bamba la chuma haiwezi kushindana nayo. Kwa spana na soketi, basi, cha kiwandani ndicho cha kununua, ila si kila cha kiwandani. Maandishi ya "Chrome Vanadium" peke yake si ushahidi, kwa sababu hata chuma laini kinaweza kuandikwa hivyo na kupakwa kromu ya kung'aa.

Tindo na nyundo: Usimpite mhunzi

Kwa tindo, panchi, mtaimbo na nyundo, mambo hubadilika. Wahunzi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, na wenzao wa miji mingine, hufua vifaa hivi kutokana na springi na ekseli chakavu za magari. Springi ya gari ni chuma cha pua chenye kaboni ya kama asilimia 0.5 hadi 0.6, kilichotengenezwa kustahimili mizigo na mashimo ya barabarani. Tindo nyingi za bei poa zinazoagizwa nje hazina chuma cha namna hiyo.

Siri iko kwenye moto. Mhunzi hodari huchoma ncha mpaka sumaku isiishike tena, huichovya kwenye mafuta, kisha huipasha tena kidogo ili isiwe kama kioo. Kichwa hukiacha laini, maana kichwa kigumu kikigongwa hurusha vipande vinavyoweza kupofua jicho. Mhunzi asiyefuata hatua hizo atakuuzia tindo inayopinda au kuvunjika. Hivyo muulize anafanyaje kabla hujamlipa.

Inchi si milimita

Wakati mwingine spana hulaumiwa bure. Trekta za zamani kama Massey Ferguson 135 hutumia nati za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana namba 13 itaingia, lakini itacheza, na ukiikaza kwa nguvu italika kona. Nati ya robo tatu inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo namba 19 huikaa vizuri. Mwenye trekta la aina hiyo anunue seti ndogo ya inchi. Itamlipa kuliko seti kubwa ya milimita.

Pima kabla ya kulipa

Nenda dukani na bolti mpya ya kipimo unachokijua. Spana iingie bila kulazimishwa na isicheze. Tazama kama kingo mbili za mdomo ziko sambamba. Kromu inayobanduka iache, maana vipande vyake hukata mikono. Kwa tindo, pitisha tupa kwenye ncha: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikila kama inavyokula msumari, rudisha.

Kwa wenye maduka

Mfanyabiashara anayenunua kwa jumla atoe kipande kimoja katika kila mzigo akijaribu kwa fundi kabla ya kujaza rafu. Atenge vya bei ya chini na vya bei ya juu, na amweleze mteja tofauti yake. Anunue tindo na nyundo kwa mhunzi mmoja anayeweka alama yake, ili kibovu kikirudi ajue pa kukipeleka. Wahunzi nao wanaweza kupata ushauri na mafunzo katika ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuendeleza viwanda vidogo.

Mkulima aliyepoteza siku mbili za mvua kwa ajili ya spana mbovu hatasahau alikoinunua. Mwenye duka akumbuke hilo anapoagiza mzigo, kwa sababu waswahili husema rahisi ghali.