Edward na Mashua ya Mafuta ya Taa

Mwaka 1902, wajukuu zangu, kijana wa miaka 16 aitwaye Edward Newman aliondoka New York na baba yake, Nahodha William Newman, kwenda Uingereza. Wawili tu, Bahari ya Atlantiki nzima mbele yao. Mashua yao iliitwa Abiel Abbot Low. Urefu wake ulikuwa futi 38, haifiki hata mita 12, na ilisukumwa na injini ya mafuta ya taa. Ndiyo, mafuta yaleyale ya kibatari! Watengenezaji wa injini hiyo walitaka watu waone kwamba inaweza kuvuka bahari kuu. Mama yake Edward alisemaje? Hilo mimi ningelipa nauli kwenda kulisikia.

Safari ilikula siku 36. Pigeni hesabu: zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku hizo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka barabarani. Mtaniuliza, mbona hawakukaza mwendo? Basi, chombo kidogo ukikikimbiza, maji nayo hukizuia zaidi, na mafuta huisha kabla ya safari. Katikati ya bahari hakuna pa kununua mengine. Nahodha wa jahazi huomba upepo. Nahodha wa mashua ya injini hupima tangi, akatazama ramani, akapima tena.

Haya, usiku. Mkiwa wawili, mmoja yuko zamu, mwingine amelala, au tuseme anajaribu. Jahazi likishika upepo hulalia ubavu mmoja likatulia hapo. Mashua isiyo na tanga haina wa kuishikilia, basi mawimbi huiyumbisha kushoto na kulia hadi kunakucha. Wanaosafiri hivyo hujibana kati ya ubavu wa chombo na furushi la nguo, wasije wakaviringika sakafuni. Mngurumo wa injini huzoeleka upesi sana. Kinachomkurupusha mtu ni injini kunyamaza: hata macho hayajafumbuka vizuri, mkono umeshatafuta spana.

Kupika nako kuna mambo yake. Sufuria hubanwa jikoni kwa vyuma isiteleze, na haijazwi zaidi ya nusu. Chakula huliwa katika bakuli lenye kina, umelishika mkononi. Sahani waachieni watu wa nchi kavu.

Ila akina Newman walikuwa na balaa lao la pekee: matangi yalivuja. Nyinyi mnajua tone moja la mafuta ya taa likiangukia unga linavyoharibu ugali wa nyumba nzima. Sasa hebu fikirini mafuta hayo yakicheza chini ya miguu yenu, harufu imejaa chumbani, na nje kuna mawimbi, huwezi kutoka kupunga hewa hata kidogo. Na bado zamu yako ikifika unashika usukani.

Agosti ya mwaka huohuo wakaingia bandari ya Falmouth, Uingereza, wazima wote wawili.

Miaka kumi baadaye, 1912, mhariri wa jarida liitwalo The Rudder, Thomas Fleming Day, alivuka bahari hiyo na wenzake watatu kwa mashua ya futi 35, Detroit, wakaendelea mpaka St. Petersburg, Urusi. Wao walibeba petroli, ambayo mvuke wake hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Hiyo ikivuja, hakuna atakayekumbuka kulalamikia ladha ya chai.